Mtoto na Aliyembeba: Historia ya Wauguzi wa Watoto Handeni na Korogwe

Historia ya Kanisa katika nchi yetu imeandikwa mara nyingi kwa majina ya vituo vya misheni na ya wachungaji waliobatiza watu wa kwanza. Si vibaya. Lakini mwulize mama wa Mkata au wa Mombo ni mtumishi yupi aliyemwona mwanawe mara nyingi zaidi kabla hajatimiza miaka mitano. Hatamtaja mchungaji, hata kama hakosi ibada. Atamtaja nesi wa kliniki, yule aliyempima mtoto uzito, akamchoma sindano, akaandika kwenye kadi, kisha akauliza kama baba yupo na nyumbani kunaliwa nini.

Makala hii inamfuata mtumishi huyo katika wilaya mbili za mkoa wa Tanga, Handeni na Korogwe. Katika kumfuata tutakutana na njaa, utumwa, vita, mkonge, malaria na UKIMWI, maana mtoto hakui nje ya historia ya nchi yake. Na tutaona somo moja ambalo Kanisa lilijifunza polepole kwa mikono ya wauguzi: mtoto hafiki peke yake. Huja mgongoni mwa mtu. Anayetaka kumponya mtoto hana budi kumtazama na yule aliyembeba.

Nchi ya njaa na rehani

Korogwe iko kando ya mto Pangani, chini ya milima ya Usambara. Ukivuka mto na kuelekea kusini unaingia Handeni, nchi ya Wazigua, ambako mvua haina uhakika na vijito vingi hukauka kiangazi. Huko njaa imekuwa kama kalenda. Watu hukumbuka nani alizaliwa lini kwa kuhesabu kutoka njaa fulani.

Katika miaka ya 1830 Wazigua wengi waliteremka pwani kutafuta chakula, wakaishia kupakiwa majahazini na kuuzwa kusini mwa Somalia. Wajukuu wao husimulia kwamba wengine walidanganywa kuwa wanapelekwa kufanya kazi na kwamba watarudishwa mvua zikinyesha. Baadhi walitoroka, wakakimbilia misitu ya mto Juba, na huko walihifadhi lugha ya Kizigua kwa vizazi vingi. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliporipuka, sehemu ya wajukuu hao walifika Tanzania kwa bahari, na serikali ikawapa makazi Chogo, wilayani Handeni. Njaa iliyowatoa babu zao ilichukua zaidi ya miaka 150 kuwarudisha wajukuu.

Katika nyakati kama hizo palikuwa na desturi ya kumweka mtoto rehani. Ukoo ulimkabidhi kwa mtu mwenye chakula, kwa matumaini ya kumkomboa mavuno yakirudi. Mara nyingi mavuno yalichelewa, na aliyewekwa rehani akageuka mtumwa. Tusiwe wepesi kuwahukumu wazazi wale. Walimtoa mtoto mikononi mwao ili asife mikononi mwao. Mwanahistoria James Giblin, aliyeichunguza kwa kina historia ya Handeni, ameonyesha kwamba njaa hizi hazikutokana na ukame peke yake. Wakubwa wa vijiji, ambao zamani waliweka akiba na kuwalisha watu wao, walipoteza uwezo huo chini ya utawala wa wakoloni, na akiba ikakosa mwenyewe. Kwa hiyo udhaifu wa mtoto ulikuwa ishara ya udhaifu wa jamii yote. Muuguzi wa leo anayemwona mtoto aliyekonda na kuuliza habari za shamba anafanya jambo lenye mizizi mirefu.

Nyumba ya Lutindi

Mwaka 1896, katika miaka ambayo ukame na nzige viliitesa nchi hii, nyumba ilifunguliwa Lutindi, katika milima ya Usambara, mahali ambapo leo ni wilaya ya Korogwe. Ilikuwa nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani. Waliohudumu humo walitoka Betheli, karibu na mji wa Bielefeld nchini Ujerumani, ambako Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh aliongoza makao ya wagonjwa wa kifafa.

Ili kuielewa Lutindi inatupasa kukumbuka ushemasi uliofufuliwa Ujerumani katika karne ya 19. Mwaka 1836 Mchungaji Theodor Fliedner alianzisha huko Kaiserswerth nyumba ya mashemasi wa kike, wanawake waliojitoa kuuguza wagonjwa kama huduma ya Kanisa. Florence Nightingale, ambaye ulimwengu humtaja kama mama wa uuguzi wa kisasa, alikwenda kujifunza huko mwaka 1851. Betheli nayo ilikuwa na nyumba yake ya mashemasi wa kike, Sarepta, na ya mashemasi wa kiume, Nazareti. Basi uuguzi ulipofika kwetu kwa njia ya misheni haukufika kama kazi ya mshahara tu. Ulifika ukiwa na imani kwamba kumwosha mgonjwa ni ibada.

Tumshukuru Mungu kwa Lutindi. Mtoto aliyeuzwa mara mbili au tatu, asiyejua tena kijiji cha mama yake, alihitaji paa na mtu wa kumwita kwa jina. Lakini nyumba ile ilikuwa na mpaka wake. Ilimpokea mtoto ambaye tayari alikuwa amekwisha kutengwa na watu wake. Haikuweza kumfikia yule ambaye bado alikuwa mgongoni mwa mama, akiwa njiani kuelekea kwenye rehani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lutindi ilianza kupokea wagonjwa wa akili, na hadi leo ni hospitali ya afya ya akili chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 2, kinatupa mfano mwingine wa kumwokoa mtoto. Binti Farao alimwona Musa ndani ya kisafina, akamhurumia. Angeweza kumchukua moja kwa moja hadi jumba la mfalme. Lakini kwa ujasiri wa dada wa mtoto, Musa alirudishwa kwa mama yake mwenyewe anyonyeshwe, na mama akalipwa ujira kwa kumlea mwanawe. Mtoto aliokolewa pamoja na titi la mama yake. Kanisa la Handeni na Korogwe lilihitaji miaka mingi kuufikia mfano huo.

Kutoka wodini kwenda kijijini

Vita vya Kwanza vya Dunia viliirudisha nyuma kazi yote. Katika mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Korogwe na kisha Handeni. Pande zote mbili zilichukua wanaume kuwa wapagazi na nafaka kuwa posho ya askari. Njaa ikafuata, na mwaka 1918 homa ya mafua iliyoenea duniani ikawakuta watu wamekwisha kudhoofika. Wamisionari Wajerumani waliondolewa. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria katika Tanganyika mwaka 1922 tu.

Kati ya vita viwili vya dunia, huduma za uzazi na za watoto katika Tanganyika zilibebwa kwa sehemu kubwa na misheni. Serikali ya kikoloni ilitaka watoto wasife kwa kuwa ilihofia kukosa wafanyakazi. Misheni zilitaka waishi kwa sababu nyingine, ingawa zenyewe hazikuwa huru na mashindano ya kupata waumini. Katika eneo letu Walutheri hawakuwa peke yao. Waanglikana wa UMCA, waliokuwa na kituo chao kikubwa Magila, leo Msalabani wilayani Muheza, walikuwa pia Korogwe. Mwaka 1911 Askofu Frank Weston wa Zanzibar alianzisha shirika la masista lililotoa wauguzi na walimu kwa miaka mingi. Handeni, Waanglikana walijenga hospitali ya Mtakatifu Fransisko huko Kwamkono. Sisi Walutheri, hospitali yetu ya Bumbuli ikiwa juu milimani, tukumbuke kwa unyenyekevu kwamba Wazigua wengi waliuguzwa na ndugu zetu wa kanisa lingine.

Wakati huohuo mkonge ulikuwa umebadilisha bonde la Korogwe. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakatanda pande zote mbili za reli. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, wakaitwa manamba, kwa kuwa walijulikana kwa namba zao. Kambi za manamba zilikuwa na watoto, lakini hazikuwa na bibi. Mama kijana aliyejifungua kambini, mbali na mama yake na mama mkwe, alikosa yule mwanamke mzima ambaye kwa desturi humkanda mzazi, humfundisha kumshika mtoto na kumzuia asirudi kazini mapema. Mahali pale pa bibi palihitaji mtu. Kwa mwanamke wa kambini, nesi alikuwa zaidi ya mtaalamu. Alikuwa jamaa wa badala.

Hata hivyo kazi kubwa ya misheni ilibaki ndani ya hospitali. Mgonjwa alisubiriwa aje. Mwaka 1964 Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani viliita mkutano Tübingen, Ujerumani, kujiuliza kwa nini Kanisa lina hospitali. Jibu lililotoka lilikuwa kwamba uponyaji ni kazi ya usharika wote, wala si ya madaktari waliofungiwa wodini. Mwaka 1968 ikaundwa Tume ya Kikristo ya Tiba, na fikra zake zilichangia njia ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, ambao mataifa yalikubaliana kwamba afya ianzie pale watu wanapoishi.

Tanzania ilikuwa imekwisha kuanza kutembea njia hiyo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilielekeza nguvu vijijini. Katika miaka ya 1970 zahanati zilijengwa, na wasichana wengi waliomaliza shule ya msingi walifundishwa kuhudumia afya ya mama na mtoto. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975. Kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua, maradhi ambayo mabibi zetu waliyahesabu kuwa sehemu ya kuzaa, yakaanza kuzuilika kwa mkono wa msichana mwenye sare na kisanduku cha barafu.

Kadi inayokaa kwa mama

Chombo kimoja cha kipindi hicho kinastahili kutazamwa na mwanatheolojia. Ni kadi ya kliniki. Mzizi wake ni kazi ya daktari Mwingereza David Morley katika kijiji cha Imesi, Nigeria, katika miaka ya 1950. Morley aliona kwamba mtoto hadhoofiki kwa siku moja. Kabla macho ya mama hayajaona chochote, uzito hukwama kwa mwezi mmoja au miwili. Kwa hiyo alichora mstari wa kufuata uzito wa mtoto mwezi kwa mwezi, ili muuguzi aone hatari ingali mbali.

Kadi zetu zilikuja na rangi: kijani kwa anayekua vizuri, kijivu kwa aliye na upungufu, nyekundu kwa aliye hatarini. Mama asiyejua kusoma aliweza kusoma rangi. Lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa mahali pa kuiweka. Kumbukumbu za hospitali hukaa kabatini mwa hospitali. Kadi hii ilikaa kwa mama, imefungwa ndani ya kipande cha kanga au mfuko wa plastiki, juu ya kichala cha nyumba ya udongo. Aliyeamua hivyo alitamka jambo la imani, hata kama hakulitaja hivyo: mlinzi wa kwanza wa uhai wa mtoto ni mzazi wake, na mtaalamu ni msaidizi. Luka anatuambia kwamba Yesu mwenyewe alikua kimo na hekima. Mungu alikubali kuwa mtoto ambaye kukua kwake kulionekana machoni pa mama na majirani.

Pamoja na kadi ikaja huduma ya mkoba. Siku iliyopangwa, nesi hutoka zahanati kwa baiskeli, pikipiki au miguu, akiwa na chanjo na mizani ya kuning'inia. Mizani hutundikwa kwenye tawi la mwembe au boriti ya ofisi ya kijiji, na watoto hupimwa mmoja mmoja huku wakilia na wanawake wakicheka. Pengine ni kanisani, pengine kwenye baraza la msikiti, maana Handeni na Korogwe ni nchi yenye Waislamu wengi na mtoto hapimwi kwa dini ya baba yake. Katika historia ndefu ya kubebana mizigo kati ya Wakristo na Waislamu wa Tanga, foleni ile ya kliniki ina nafasi yake.

Maneno yanayoua na maneno yanayoponya

Mtu anaweza kudhani kazi ya nesi ni sindano na mizani. Waliozifanya kliniki hizi wanajua kwamba sehemu kubwa ni maneno.

Chukua degedege. Mtoto mwenye malaria kali hukakamaa, macho hupinduka, mwili hutetemeka. Katika sehemu nyingi za pwani watu waliamini kwamba hilo ni tendo la pepo au ndege apitaye usiku, na kwamba mtoto wa hivyo akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo alipelekwa kwanza kwa mganga, na aliyefikishwa hospitali baadaye alifika amechelewa. Akifa baada ya sindano, imani ile ilithibitika. Nesi aliyekejeli imani hiyo alishinda ubishi, akampoteza mama. Nesi mwenye hekima alikubali kwamba degedege ni kitu cha kutisha kweli, akaeleza kuwa ni malaria iliyopanda kichwani, na akamwomba bibi, maana bibi ndiye mwamuzi, wakutane zahanati usiku uleule bila kungoja kuche.

Au chukua neno kubemenda. Mtoto akikonda, miguu ikivimba na nywele zikibadilika rangi, majirani hunong'ona kwamba amebemendwa, yaani wazazi wake walivunja mwiko wa kukutana kimwili akiwa bado ananyonya, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa. Angalia neno hilo linavyofanya kazi. Linachukua njaa ya mtoto na kuigeuza kuwa dhambi ya mama. Mama mwenye aibu hafiki kliniki. Hukaa ndani, na mtoto hufia ndani. Muuguzi anayemwita mama huyo pembeni, akamwambia kuwa mtoto amekosa maharage, mayai, dagaa na mafuta katika uji wake, anafanya kazi ambayo Bwana wetu aliifanya katika Yohana 9, wanafunzi walipouliza nani alitenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu. Kwanza anaondoa hukumu, kisha anaanza matibabu.

Lakini maneno nayo yana mipaka. Mama ataambiwa achemshe maji na anawe mikono, na yeye hana maji. Kwa Handeni hili si la mfano. Mradi wa maji wa HTM huchota maji ya mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapandisha Handeni, na bomba linapokauka, ndoo hurudi vichwani mwa wanawake. Muuguzi mwaminifu hamgombezi mama kwa sababu ya bomba.

Yaliyotokea Korogwe

Katika miaka ya 2000 wilaya ya Korogwe iliingia katika historia ya tiba duniani. Watafiti wa taifa walifuatilia vijiji vya bondeni na vya milimani. Mwaka 2003, katika vijiji vya bondeni, zaidi ya watu 7 kati ya kila 10 waliopimwa walikuwa na vimelea vya malaria. Kufikia 2008 walikuwa wamebaki kidogo zaidi ya 1 kati ya 10. Sababu zilikuwa nyingi, dawa bora na vyandarua vikiwamo. Kuanzia mwaka 2004 mjamzito alipewa kliniki hati punguzo ya kununulia chandarua dukani, na aliyeiweka mikononi mwake alikuwa nesi.

Kati ya 2005 na 2010 hospitali ya Magunga, Korogwe, ilikuwa miongoni mwa hospitali za nchi 9 za Afrika zilizolinganisha kwinini na dawa ya artesuneti kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Artesuneti ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5, na matibabu yakabadilika duniani kote. Kuanzia 2009 Korogwe ilikuwa tena kati ya vituo 11 vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa zaidi ya watoto 15,000 katika nchi 7. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike.

Makala za kitaalamu huandika majina ya madaktari. Nyuma ya tarakimu hizo kuna wauguzi waliokesha wakihesabu matone ya dripu, na kuna akina mama waliokubali, baada ya kuelezwa na mtu waliyemwamini, watoto wao wachanjwe kwa ajili ya watoto ambao hawatawaona kamwe. Tukitafuta sadaka katika historia ya Korogwe, mojawapo ni hiyo.

Baba naye

UKIMWI ulifunua udhaifu mmoja wa kliniki. Huduma ya kuzuia maambukizi ya mama kwenda kwa mtoto ilipoanza kwa majaribio nchini mwaka 2000, mwanamke mjamzito alipima peke yake, akapokea majibu peke yake, na akarudi nyumbani peke yake akiwa na siri inayoweza kumvunjia ndoa. Wengine hawakurudi kuchukua dawa, si kwa kutojali mtoto, bali kwa kumwogopa mume. Hapo wauguzi wakaanza kusisitiza kwamba baba aje. Kliniki nyingi sasa humhudumia mapema mama aliyekuja na mwenzake.

Wanaume wetu husema kliniki ni mambo ya wanawake. Mlutheri hana ruhusa ya kusema hivyo. Martin Luther, katika andiko lake juu ya ndoa la mwaka 1522, anamtetea baba anayefua nepi za mtoto wake huku watu wakimcheka. Kwa Luther, Mungu pamoja na malaika wanafurahi, kwa sababu baba huyo anafanya kwa imani. Kama nepi ni wito mtakatifu, basi na foleni ya kliniki ni wito mtakatifu.

Deni letu

Hesabu za taifa zinatupa sababu ya kushukuru. Mwaka 1999, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta 43. Kwa kizazi kimoja, hili ni jambo la kupigia kengele za kanisa.

Lakini kati ya hao 43, 24 hufa katika siku 28 za kwanza, na idadi hii ya wachanga imeshuka kidogo sana: ilikuwa 26 mwaka 2010. Hizo ndizo siku ambazo mama yuko ndani, hajatoka, na kliniki haijamwona vya kutosha. Chanjo haiwezi kufanya mengi hapo. Kinachohitajika ni mtu wa kubisha hodi. Hata kwa mtoto njiti, dawa kubwa ni mtu. Mwaka 1978 madaktari wa Bogotá, Colombia, kwa kukosa mashine za joto, waliwafunga watoto njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, na wakapona wengi. Leo huduma hiyo ya kangaruu inafundishwa hospitali kubwa na ndogo. Sayansi imezunguka dunia ikarudi kumwambia mama ambebe mwanawe.

Hapa ndipo deni letu lilipo. Nesi wa zahanati ya kijiji mara nyingi ni mmoja au wawili. Asubuhi anachanja, mchana anatibu, usiku anazalisha. Hawezi kubisha hodi nyumba zote. Usharika unaweza. Tuna wazee wa kanisa, vikundi vya wanawake, jumuiya zinazokutana nyumbani kila wiki. Jumuiya inayojua nani amejifungua jana inaweza kumjulisha nesi leo.

Lakini kuna kizuizi tulichokijenga wenyewe. Katika sharika zetu nyingi, msichana aliyezaa nje ya ndoa huwekwa chini ya marudi, na ubatizo wa mtoto wake hungoja mpaka mama arudishwe kundini. Sisemi nidhamu ya Kanisa haina maana. Nauliza mtoto huyo anajifunza nini kutoka kwa milango miwili. Kliniki inamwandika siku ya kwanza, bila kuuliza cheti cha ndoa cha wazazi. Kanisa linamwambia angoje. Na mama yake, akijua jumuiya itamnong'ona, anajificha katika siku zilezile 28 ambazo anahitaji kuonekana. Aibu ya kubemenda tuliyoilaumu kwa majirani inaweza kuwa imehamia vestiarini.

Marko anasimulia kwamba watu walimletea Yesu watoto, na wanafunzi wakawakemea walioleta. Tusome vizuri. Waliokemewa ni wale waliowabeba, na Yesu alichukizwa. Kisha akawakumbatia watoto na kuwabariki, na waliowabeba wakabaki palepale.

Tangu rehani za Wazigua, kupitia Lutindi, kambi za manamba, mwembe wa huduma ya mkoba na wodi za Magunga, wauguzi wa nchi hii wameikaribia Injili hiyo kuliko sisi tunaoihubiri. Basi sharika za Handeni na Korogwe zifanye mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wao. Zifungue majengo yao kwa siku za mizani, na zimtembelee kila mzazi katika mwezi wa kwanza, aliyeolewa na asiyeolewa, kabla ya kumwuliza lolote ila kama mtoto ananyonya na yeye amekula. Mengine yatazungumzwa baadaye, mtoto akiwa hai.